Mahari Iliyogeuka Karo

Wewe uliye na binti nyumbani unaijua hesabu ya kwetu. Siku ya kuleta posa, watu wa upande wa mvulana ndio hukaa sebuleni wakinong'onezana: ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, blanketi la mama, koti la baba, na siku hizi bahasha. Baba wa msichana ameketi kwenye kiti kikubwa, anakohoa kidogo, anatazama dari. Yeye hatoi kitu. Anapokea.

Sasa igeuze picha hiyo. Kwa Wagiriki, aliyekohoa na kutazama dari alikuwa baba wa mvulana, na aliyehangaika kutafuta mali alikuwa baba wa msichana. Mali hiyo waliiita proika. Ilikuwa kipande cha shamba, au mizeituni kadhaa, au nyumba, au shuka na mablanketi yaliyofumwa kwa miaka na kuwekwa sandukuni, au fedha taslimu. Msichana asiye na proika aliweza kuzeekea kwa wazazi wake hata akiwa na sura ya malaika. Baba akiwa maskini, au akifariki mapema, mzigo uliwaangukia kaka zake, na desturi iliwataka kaka wasioe mpaka dada zao wawe wameolewa. Jambo hili halikuwa la kijijini tu, kwani sheria za nchi zililitambua. Ni mwaka wa 1983 ndipo Ugiriki ilipoifuta proika katika sheria zake za ndoa.

Naanza na habari za mahari kwa sababu wiki hii nataka tuzungumze juu ya basari. Hasa zile basari za vyuo ambazo Wamarekani wenye asili ya Ugiriki huwatengea mabinti zao. Wanafunzi wetu walioko Marekani, na wale wanaojiandaa kwenda, hukutana na basari hizo katika orodha ndefu za misaada ya masomo. Huuliza ni za nani, zinatoka wapi, na mbona wao hawapewi. Swali la mwisho nitalijibu kwa ufupi baadaye. Lile la katikati ndilo tamu, maana ukizifuata pesa hizo mpaka kwenye chanzo chake unamkuta yule kaka ambaye hajaoa.

Kaka huyo alikuwa mkulima wa zabibu. Katika miaka ya 1890, bei ya zabibu kavu, zao lililokuwa uti wa mgongo wa Ugiriki ya kusini, ilianguka vibaya baada ya Ufaransa, mnunuzi mkubwa, kuacha kuzinunua kwa wingi. Mkulima wa kahawa wa Kirinyaga au wa Murang'a hahitaji kuelezwa nyumba inavyokuwa bei ikianguka hivyo. Madeni yakapanda, na vijana wakapanda meli. Wagiriki laki kadhaa walivuka bahari kwenda Marekani kabla ya katikati ya miaka ya 1920, na miaka ile ya mwanzo wa karne, katika kila mia waliotua, zaidi ya tisini walikuwa wanaume. Walitandika reli huko magharibi. Walifanya kazi katika viwanda vya nguo vya Lowell, jimbo la Massachusetts. Walipiga viatu rangi katika barabara za Chicago. Kule Tarpon Springs, Florida, walizamia baharini kuchuma sifongo tangu mwaka wa 1905.

Na pesa zilirudi nyumbani. Mvulana wa miaka 15 aliyekuwa akisugua viatu vya watu Chicago hakuwa akiweka akiba ya kununua gari. Alikuwa akiweka akiba ya proika ya dada yake. Wengi walikwenda wakiwa na nia ya kukaa miaka michache tu, waozeshe dada, warudi. Wengi hawakurudi.

Maisha yenyewe hayakuwa ya starehe. Siku hizi Mmarekani wa asili ya Kigiriki anahesabiwa mzungu kama wazungu wengine, hivyo ni rahisi kusahau kwamba zamani hakukaribishwa. Februari 1909, kule South Omaha, jimbo la Nebraska, umati wa watu wenye hasira uliuvamia mtaa wa Wagiriki baada ya polisi mmoja kuuawa na Mgiriki, ukachoma na kubomoa nyumba na maduka mpaka wakazi wakatimka. Katika miaka ya 1920 lile kundi la Ku Klux Klan, ambalo sisi tunalijua kwa ukatili wake dhidi ya watu weusi, liliwaandama pia Wagiriki, Waitaliano, Wakatoliki na Wayahudi. Ndipo mwaka wa 1922, mjini Atlanta, wafanyabiashara kadhaa wa Kigiriki wakaunda chama cha kujitetea kiitwacho AHEPA. Waliamua kitumie Kiingereza, na wakahimiza wanachama wawe raia wema wa nchi mpya. Katika jina refu la chama hicho mna neno elimu. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1924, serikali ya Marekani ilipitisha sheria kali ya uhamiaji iliyowaruhusu Wagiriki 100 tu kuingia kwa mwaka. Umesoma sawasawa, mia moja, kwa nchi nzima na kwa mwaka mzima.

Tazama basi sheria hiyo ilivyoigeuza familia. Mlango ulipofungwa, waliokuwa ndani wakajua kwamba hapo ndipo kwao. Wake waliokuwa wameletwa, wengine wakiwa wamechumbiwa kwa picha tu, wakazaa. Na mabinti wakaanza kukua katika nchi ambayo hakuna anayemuuliza baba wa msichana ana mizeituni mingapi.

Hapo ndipo wanawake walipoingia. Novemba 1929, mjini San Francisco, mama mmoja aitwaye Alexandra Apostolides Sonenfeld alianzisha chama cha wanawake wa Kigiriki. Tawi la kwanza waliliita Eos, maana yake alfajiri. Chama chenyewe wakakiita Daughters of Penelope, Mabinti wa Penelope. Mwaka uliofuata, kule Tacoma, jimbo la Washington, wasichana nao wakapata tawi lao, Maids of Athena. Angalia tarehe hizo tena. Novemba 1929 ni wiki chache tu baada ya soko la hisa la New York kuporomoka na dunia kuingia katika ule unyonge mkubwa wa uchumi. Si wakati ambao mtu mwenye akili zake angeanzisha chama cha kuchanga pesa. Kina mama hawa walianzisha.

Jina hilo la Penelope limewahi kunichekesha. Wasomaji waliosoma fasihi wanamkumbuka: mke wa Odysseus, aliyemngoja mumewe miaka 20. Wachumba zaidi ya mia walijazana nyumbani kwake wakila ng'ombe wake, naye akawaambia atachagua mmoja akimaliza kufuma sanda ya baba mkwe wake. Mchana anafuma, usiku anafumua. Nikajiuliza, kwa nini wanawake wanaotaka maendeleo wajiite kwa jina la mama wa kungoja? Lakini ukimfikiria tena unaona kwamba kwa miaka 20 nyumba ile haikuwa na mwanamume, na haikuanguka. Aliendesha mali, akalea mtoto, akawazuga wanaume mia kwa uzi. Kina mama wa San Francisco hawakukosea.

Lakini je, pesa zilielekezwa kwa wasichana wanaotaka chuo mara moja? Hapana. Katika nyumba nyingi za wahamiaji, fedha zikiwa chache, aliyepelekwa chuo alikuwa mvulana. Msichana angeolewa, kwa hiyo mwalimu, tena mwenye mshahara, wa nini? Sihitaji kukufafanulia zaidi, maana mantiki hiyo imeishi katika nyumba zetu pia, na wako wasomaji wa ukurasa huu walioacha kidato cha pili ili kaka afike cha nne. Kulikuwa na jambo la pili, zito zaidi ya pesa. Chuo kiko mbali. Msichana atalala bweni. Nani atamwona anaporudi usiku? Baba wa Kigiriki aliyekuwa tayari kuuza mkahawa wake ili binti aozwe vizuri, huyohuyo aliweza kukataa chuo kilicho saa mbili kwa gari.

Nakuomba ukae nami kidogo kwa bibi mmoja anayejulikana, kwa kuwa maisha yake yanaonyesha mambo haya kuliko maelezo yangu. Olympia Snowe alizaliwa mwaka wa 1947 mjini Augusta, jimbo la Maine. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ugiriki, naye alikuwa mpishi. Mtoto alipokuwa na miaka minane, mama yake alifariki kwa saratani ya matiti. Haukupita mwaka mwingine ila kidogo, baba naye akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Yatima huyo akachukuliwa na shangazi aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo, na mume wa shangazi aliyekuwa kinyozi, nao walikuwa na watoto watano wao wenyewe. Wewe mzazi wa Umoja au Kariobangi, hebu piga hesabu ya unga katika nyumba hiyo.

Alipelekwa shule ya bweni ya St. Basil, iliyoko Garrison, kando ya mto Hudson, jimbo la New York. Kanisa la Orthodox la Kigiriki liliifungua mwaka wa 1944, na wanaoibeba mabegani tangu hapo ni kina mama wa chama cha kanisa kiitwacho Philoptochos, maana yake rafiki wa maskini, kilichoundwa mwaka wa 1931. Wanavyozipata pesa ni jambo la kupendeza. Mwaka mpya ukifika, Wagiriki huoka keki iitwayo vasilopita, keki ya Mtakatifu Basil, na ndani yake hutia sarafu. Atakayekatiwa kipande chenye sarafu, mwaka wake utakuwa wa heri. Makanisani, keki hiyo inapokatwa, mchango hupitishwa na fedha hupelekwa kule Garrison. Yaani karo ya yatima huyu wa Maine ilitoka kwenye vipande vya keki.

Alikaa huko tangu darasa la tatu hadi la tisa, akisafiri kwa gari moshi peke yake kwenda na kurudi likizo. Mwaka wa 1969 alihitimu Chuo Kikuu cha Maine. Aliolewa, mwaka wa 1973 mume wake, aliyekuwa mbunge wa jimbo, akafa katika ajali ya gari, naye akagombea kiti hicho na kukitwaa akiwa na miaka 26. Kutoka hapo hakurudi nyuma: Baraza la Wawakilishi mjini Washington tangu 1979, halafu Seneti kuanzia 1995 mpaka alipostaafu kwa hiari yake mwaka wa 2013. Baada ya kustaafu alianzisha taasisi ya kuwafunza uongozi wasichana wa shule za sekondari katika jimbo lake.

Kuna Olympia mwingine, na huyu naye nisimpite. Olympia Dukakis, yule mwigizaji wa filamu, alizaliwa mwaka wa 1931 mjini Lowell, mji uleule wa viwanda vya nguo, wazazi wake wakiwa wahamiaji wa Kigiriki. Alitaka jukwaa. Lakini basari aliyoipata haikuwa ya jukwaa wala haikutoka kwa Wagiriki. Ilitolewa na ule mfuko wa taifa wa kupambana na polio, uliokuwa ukichangwa na Wamarekani kwa sarafu za senti kumi kumi, na ilikuwa ya kusomea tiba ya viungo katika Chuo Kikuu cha Boston. Akasoma, akawanyoosha miguu wagonjwa wa polio, akaweka akiba, kisha akarudi chuo hichohicho kusomea uigizaji. Mwaka wa 1988 alipewa tuzo ya Oscar kwa filamu ya Moonstruck. Kama kuna binti nyumbani kwako anayelia kwamba basari aliyopata si ya somo alipendalo, mwonyeshe aya hii.

Sasa tuzijie basari zenyewe kama zilivyo leo.

Mabinti wa Penelope wana mfuko wao maalumu unaotoa basari kila mwaka kwa wanawake wanaoanza chuo, walio chuoni, na wachache walio katika shahada za juu. Nyingine hutolewa kwa kuangalia alama peke yake. Nyingine ni za wenye shida, na hapo mzazi hutakiwa kuonyesha hati zake za kodi ili ijulikane kama kweli mfuko umetoboka. Basari nyingi hubeba jina la mtu. Moja inaitwa kwa jina la yule mama Sonenfeld wa San Francisco. Nyingine zimewekwa kuwakumbuka viongozi waliotangulia, au na familia zilizotoa mtaji. Sharti lao kubwa si sura wala jina la ukoo. Ni uanachama: msichana mwenyewe awe Binti wa Penelope au awe katika lile tawi la vijana, au mtu wa karibu katika familia yake awe mwanachama, tena si wa jana. Chama cha wanaume, AHEPA, hakikuwahi kudai kila mwanachama awe Mgiriki; hata marais Franklin Roosevelt na Harry Truman walikuwa wanachama.

Zaidi ya hiyo, ipo mifuko mingi ya Wagiriki isiyobagua msichana na mvulana. Mjini Chicago uko mfuko wa PanHellenic. Mjini New York gazeti moja la Wagiriki, Hellenic Times, lina mfuko wake wa basari (wakubwa wangu hapa gazetini wasome sentensi hii mara mbili). Klabu ya Wagiriki waliosoma vyuo vikuu, kule Philadelphia, huwapa wanafunzi wa wilaya fulani fulani tu za Pennsylvania na New Jersey. Halafu yako makanisa, moja moja, kila moja na kibakuli chake. Usiyadharau haya ya mwisho. Parokia ikifanya sikukuu yake ya chakula, mji mzima hupiga foleni. Na unajua kitamu kinachouzwa sana hapo? Vidonge vya unga vilivyokaangwa vikatiwa asali, waviitavyo loukoumades. Mama wa Mombasa akivionja atasema hizi ni kaimati, naye atakuwa amesema kweli, kwani majina yote mawili yametokana na neno moja la Kiarabu lenye maana ya tonge.

Basari moja huwa kiasi gani? Nisikudanganye: nyingi za vyama hivi ni dola elfu moja, elfu moja na mia tano, elfu mbili. Zilizo kubwa zaidi zipo lakini ni za kugombaniwa. Ukilinganisha na vyuo vya kifahari, ambapo karo pamoja na malazi imepita dola 80,000 kwa mwaka, hilo ni tone baharini. Isitoshe, viko vyuo ambavyo mwanafunzi akiingia na basari kutoka nje, navyo hupunguza msaada wao kwa kiasi kilekile. Kina mama wamechoma kaimati mwaka mzima, na aliyepata nafuu ni mhasibu wa chuo! Jimbo la Maryland lilikuwa la kwanza kuvikataza vyuo vyake vya umma kufanya hivyo, mwaka wa 2017. Jambo lingine ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa ni kodi. Basari inayolipa karo na vitabu haitozwi. Inayolipa chakula na kitanda hutozwa.

Mbona basi kujisumbua? Kwanza, si kila msichana anakwenda chuo cha kifahari. Katika vyuo vya jamii vya miaka miwili karo ni dola elfu chache, na hapo dola 1,500 ni muhula mzima. Pili, na haya ni maoni yangu, barua ile haikuwa ya pesa tu. Fikiria baba aliyehamia mtaa wa Astoria, New York, baada ya sheria mpya ya mwaka wa 1965 kuufungua tena mlango. Anafanya kazi saa 14 katika mkahawa. Hajui chuo ni nini. Anajua binti ana miaka 18. Halafu Jumapili, ukumbini baada ya ibada, mbele ya padre na majirani wote, kina mama anaowaheshimu wanalitaja jina la binti yake na kumkabidhi bahasha ya kwenda kusoma. Atamkatalia vipi sasa? Zamani mama hao ndio waliouliza, ana proika gani huyu? Sasa wanauliza, anasomea nini? Baba akikataa, aibu ni yake.

Yupo atakayesema kwamba mambo hayo yamepita. Ni kweli kwamba wanawake ndio wengi katika vyuo vya Marekani, tena tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni kweli pia kwamba wajukuu wa wasugua viatu ni mawakili na madaktari. Je, basari ya msichana wa Kigiriki ina haki gani leo? Nimelipima neno hili, na ninaona hivi: pesa hizi si za serikali. Ni za watu walioamua kuwakumbuka mama zao kwa kumsomesha mtoto wa mwenzao, badala ya kujenga kaburi la marumaru. Sina ugomvi nao. Ninachokitilia shaka ni sharti la uanachama katika nchi ambayo Wagiriki wengi sasa huolewa na wasio Wagiriki. Msichana anayeitwa kwa jina la Kiairishi, ambaye bibi yake mzaa mama alitoka Kalamata na aliyelelewa mbali na kanisa lolote la Kigiriki, kwake mlango huu wa chama ni mwembamba. Damu anayo, lakini hana shangazi wa kulipa ada ya chama. Kwa upande mwingine, chama nacho kikigawa bila kuuliza lolote, nani atabaki kuoka keki?

Sasa lile jibu fupi kwa wanafunzi wetu. Ukiwa Mkenya usiye na ndugu katika vyama hivi, usipoteze muda wako na basari hizi. Lakini usichanganye maneno. Katika vyuo vya Marekani, neno Ugiriki lina maana ya pili kabisa: vile vyama vya wanafunzi vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Havina uhusiano wowote na Athens. Cha kwanza cha wanawake weusi, Alpha Kappa Alpha, kilianzishwa mwaka wa 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, na aliyekuwa makamu wa rais, Kamala Harris, ni mwanachama wake. Vyama hivyo vina basari zao, na baadhi yazo zinaweza kukufaa. Soma masharti mpaka mstari wa mwisho kabla ya kuandika insha yako.

Na enyi wazazi mlioko Dallas, Minneapolis au Boston, ambao jamaa hunitumia ukurasa huu kwa simu: mnajua ninyi wenyewe jinsi Wakenya wa huko wanavyoweza kuchanga maelfu ya dola kati ya Ijumaa na Jumapili mtu akifariki na mwili ukihitaji kuletwa nyumbani. Daftari la majina mnalo, mweka hazina mnaye, na ukumbi wa kanisa mmeshauzoea. Tayari mna chama. Sijui kama mmewahi kulifungua daftari hilo kwa ajili ya msichana aliye hai.

Kijana mmoja wa chuo, aliponisikia nikizungumza habari hizi, alininunia: kila kitu wasichana, na sisi je? Atulie. Chama cha AHEPA kina mfuko wake wa elimu unaowapa wavulana na wasichana, na tawi lake la vijana wa kiume, Sons of Pericles, lilianzishwa mwaka wa 1926, miaka minne kabla wasichana hawajapata lao. Kaka aliyengoja dada zake waolewe hakusahauliwa. Mjukuu wake huomba basari kama wengine, na fomu hazimuulizi kama dada zake wameshaolewa.